Nguzo Niliyoipaka Alama Nyeupe

Siku mbili baada ya kumzika mama, ukoo ulikuja kutunyoa. Kwetu hiyo ndiyo siku ya kumaliza mambo ya marehemu. Wembe unapita vichwani, watu wameketi uwanjani, na kila jambo linasemwa wazi: nani atalima kipande cha chini, ng'ombe ataenda zizi gani, watoto watalala wapi. Sisi tulikuwa watano. Mimi ni wa kwanza, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliyenifuata alikuwa dada wa miaka kumi na sita, kisha wavulana wawili, na mwisho kitindamimba, msichana wa miaka mitano. Yeye alikuwa anaokota nywele zetu zilizoanguka na kuzikusanya kwenye kifuniko cha sufuria, kana kwamba tutazihitaji tena.

Baba alikuwa ametutoka miaka sita kabla, kitindamimba akiwa bado tumboni, kwenye shimo la dhahabu huko Malinya. Udongo ulimfunika asubuhi, wakamfikia kesho yake jioni. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule muhula huohuo, na hakuna aliyeniambia niache.

Baba mdogo ndiye aliyesimama kusema.

"Hawa vijana wawili nitawachukua mimi. Mtoto mdogo aende na senje yake, dada yangu wa Navakholo. Huyu wa kumi na sita aende kwa mjomba, atasaidia kazi huko." Kisha akanigeukia. "Na wewe ni msichana. Leo uko hapa, kesho umeolewa. Hatuwezi kuacha boma mkononi mwa mtu wa kuondoka."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto sita wake mwenyewe na paa linalovuja, na bado alikuwa amejitolea kuongeza wawili. Lakini nilimtazama kitindamimba na kifuniko chake cha nywele, nikasikia sauti yangu ikitoka.

"Hawaendi popote. Watakula chungu kimoja."

"Chungu cha nini?" mzee mmoja akauliza, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. "Utawapikia nini, mama?"

"Nachimba mashimo ya nguzo za stima."

"Hiyo ni kibarua. Kibarua huishanga siku shimo likiisha."

Walijadiliana muda mrefu. Mwishowe wakaniambia hivi: nikae nao mpaka mahindi ya mvua ndefu za mwaka unaofuata yavunwe. Siku hiyo niweke mezani barua ya kazi ya kudumu, yenye muhuri. Nisipokuwa nayo, watoto watagawanywa na nisifungue mdomo.

Sikuwa mgeni wa nguzo. Nilikuwa nimechimba mashimo tangu niache shule, mashimo ya kuingia mtu mpaka kifuani, kwa mkandarasi aliyetulipa kila jioni. Mafundi wakienda kula, niliazima vyuma vyao vya kupandia, vile vya kufungwa miguuni vyenye meno ya kuuma mti, nikajifunza kupanda. Mwanzo nilifika kimo cha mlango, baadaye kimo cha paa, mwisho juu kabisa. Kwetu mwanamke hapandi hata paa la nyumba yake, kwa hiyo walionipita barabarani waliinamisha nyuso. Mama alisikia. Aliniuliza jambo moja tu, kama mkanda unashika. Nilipomwambia unashika, akaendelea kuchambua mboga. Mwaka wa mwisho wa uhai wake ndiye aliyenisukuma niende chuo cha Sigalagala nikafanye mtihani wa ufundi ambao hauulizi cheti cha shule. Nilipita. Cheti kilikuwa kwenye sanduku lake tulipotoa nguo za kumvisha.

Miezi mitatu baada ya kunyolewa, kampuni ya stima ilitangaza kazi. Tulijaa uwanja mzima, wanawake tukiwa wawili. Mwenzangu alitazama nguzo, akatazama viatu vyake, akaenda zake.

"Mama wa chai amefika!" kijana mmoja akapaza sauti. "Weka birika hapo, mama, tunakuja."

"Chai ni ya wale watakaoanguka," nikamwambia.

Jaribio lilikuwa kupanda mpaka juu, kujilaza nyuma kwenye mkanda, kuachia mikono yote miwili, kuingiza bolti kwenye mbao ya juu na kushuka. Yule kijana alikwama katikati akakumbatia nguzo, na ilibidi fundi apande kumshusha huku akimsemesha polepole. Aliponipita nikiwa nangoja zamu, hakunitazama. Mimi nilipanda, nikaingiza bolti, nikashuka. Sikuwa na furaha wala woga. Nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki kabla ya mavuno.

Ndani ya ofisi walikuwa watu watatu nyuma ya meza.

"Kwa nini hukumaliza shule?"

"Nilikuwa na watu wa kulisha."

"Bado unao?"

"Bado."

Mmoja wao aliandika kitu kwenye karatasi, na sikuuliza ni nini. Baada ya wiki mbili niliitwa. Miezi sita ya majaribio, halafu, nikifaa, barua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kupimwa na kuvishwa. Daktari alinipima macho, masikio na moyo. Viatu vidogo kabisa vilivyokuwa stoo vilinizidi, nikavijaza vitambaa. Nilipewa ovaroli, kofia ngumu, mkanda, kufuli langu la kufungia swichi ya laini ninapokuwa juu, na namba. Namba yangu ilikuwa kumi na saba. Kisha karani akanisogezea fomu yenye mstari wa mtu wa karibu, wa kuitwa mambo yakiharibika. Niliandika jina la dada yangu.

"Huyu hana kitambulisho," karani akasema. "Weka mtu mzima."

"Sina mtu mzima."

"Kila mtu ana mtu mzima, dada."

Nikaandika jina la baba mdogo. Niliona kwamba nikianguka, yeye ndiye atakayepigiwa simu, na kabla sijazikwa watoto watakuwa wameshagawanywa.

Aliyetufundisha alikuwa fundi mzee, ambaye pia ndiye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kituo chetu. Alikuwa ameanza kupanda kabla sijazaliwa. Aliniita mama tangu siku ya kwanza, naye hakuwa na kejeli.

"Chama hakikujui bado, mama," aliniambia. "Ukiitwa ofisini kabla ya barua, utaingia peke yako. Mimi nitasimama nje ya mlango tu. Lakini kwenye nguzo hakuna mwanachama na asiye mwanachama. Ukisema nguzo hii sipandi, hupandi, na hakuna mkubwa atakayekupandisha. Hiyo tuliipigania. Sasa sikia upande wa pili. Ukisema nguzo ni nzima, mwenzako atapanda bila kukuuliza."

Alitufundisha kukagua kwa njia tatu. Kwanza macho. Pili nyundo: unagonga nguzo kuizunguka na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu na fupi, uliooza hujibu kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Tatu mtaimbo: unachimba kuizunguka nguzo, kina cha mkono kutoka kiwiko, kisha unachoma mti huko chini uone kama chuma kinaingia. Ikiwa nzima unaipaka alama nyeupe kifuani pake na namba yako. Ikiwa mbovu, alama nyekundu.

"Watu wengi huacha ya tatu," alisema. "Huku kwetu ya tatu ndiyo yenyewe. Nguzo zetu zimesimama ndani ya miwa. Miwa huunguanga. Moto unaikula nguzo chini, halafu watu wanapalilia, udongo unafunika kidonda. Ukigonga juu utaambiwa ni mzima. Chimba."

Niliyaandika hayo kwenye daftari la mdogo wangu, nyuma ya hesabu zake. Kwa miezi minne nilichimba kila nguzo niliyopewa. Nilichimba penye mawe, nikachimba penye siafu. Vijana wa kituo walinicheka.

"Kumi na saba, unatafuta dhahabu?"

Hawakujua baba yangu alikufa wapi. Niliendelea kuchimba.

Mwishoni mwa mwezi wa tano wa majaribio nilitumwa na dereva kukagua laini moja upande wa Matungu. Nguzo ya mwisho ilikuwa katikati ya shamba la mama mmoja mjane, miwa imepandwa mpaka kwenye shina la nguzo, jambo ambalo haliruhusiwi na ambalo kila mtu hufanya. Alitoka nyumbani akifunga leso kichwani.

"Asalaam aleikum, mama," nikamsalimu.

"Waaleikum salaam, mwanangu. Stima imefanya nini tena?"

Nilimwambia nimekuja kukagua nguzo na lazima nichimbe kuizunguka. Alitazama mtaimbo, akatazama mashina yake. Yalikuwa matatu, yameizunguka nguzo na kubanana nayo, machipukizi yamefika magotini, ingawa miwa mingine ya shamba ilikuwa imenipita kimo. Akapiga magoti kando yake kama mtu anayemfunika mtoto.

"Moto wa jirani ulinimalizia yote mwaka juzi. Haya ya hapa ndiyo kwanza yameanza kusimama. Chimba kwingine kote, mwanangu. Hapa usinichimbie."

Neno moto nililisikia. Sitasema kwamba sikulisikia.

Lakini mimi ni mtoto wa miwa. Najua shina moja linavyotoa mavuno baada ya mavuno likiachwa. Mama yangu, palipokuwa na pengo kwenye mstari, alilijaza kwa mkono, akainama asubuhi nzima kwa ajili ya mapengo manne. Mtu wa kutoka kwingine angeng'oa yale mashina matatu na kuomba radhi baadaye. Mimi nilisimama pale na mtaimbo, na mwanamke yule alikuwa amepiga magoti kama mama.

Niligonga mara tatu. Mti ulijibu vizuri. Niligonga tena, chini kidogo, ukajibu vizuri. Nikachovya brashi, nikapaka alama nyeupe, nikaandika kumi na saba.

Yule mama alinikatia miwa miwili ya kubeba. Watoto waliitafuna jioni hiyo uani, kitindamimba akilia kwamba kipande chake ni kifupi.

Wiki tatu baadaye upepo ulivunja kikombe cha kushikia waya juu ya nguzo ileile. Tulienda watu wanne: msimamizi, dereva, fundi mzee na mimi. Laini ilizimwa, makufuli yakafungwa kwenye swichi. Fundi mzee alivaa vyuma vyake, akasogea, akaona alama.

"Kumi na saba," akasema. "Hii ni ya mama." Akanitabasamia, akaanza kupanda.

Nyundo yake ilikuwa kiunoni. Hakuitoa.

Nilikuwa nimeshika kamba chini. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni: shuka kidogo, nichimbe. Msimamizi alikuwa kando yangu na daftari la kunipima, zikiwa zimebaki siku tisa za majaribio. Nikajiambia imesimama na upepo ule wote, itasimama. Fundi mzee alifika juu, akajifunga, akafungua waya wa upande mmoja. Waya ulipolegea, nguzo ilibaki ikivutwa na upande wa pili peke yake.

Ilikatika pale pale usawa wa udongo. Haikupiga kelele nyingi. Ililala polepole, halafu ghafla, naye amefungwa juu yake, ikaingia ndani ya miwa.

Yule mjane alitoka mbio, mikono kichwani, akisema Inna lillahi, Inna lillahi, mpaka nikampigia kelele kwamba yu hai. Alikuwa hai. Miwa ndiyo iliyompokea. Lakini nyonga na miguu yote miwili ilivunjika, na tulipokuwa tunamfungua kwenye mkanda aliuma kola ya ovaroli yake ili asilie mbele yetu.

Baada ya gari kuondoka naye nilitazama kisiki. Chini ya udongo nguzo ilikuwa mkaa mtupu, na katikati umebaki moyo wa mti usiozidi mkono wangu. Juu, kifuani pa nguzo iliyolala, alama yangu nyeupe ilikuwa safi kabisa.

Kesho yake msimamizi aliniita. Alifunga mlango.

"Utaandika maelezo," akasema. "Andika ulichimba. Ule udongo umeshavurugwa, nani atajua? Ubovu ulikuwa ndani, haukuonekana. Kazi ya Mungu. Mimi niliweka sahihi kwenye karatasi yako, unaelewa? Tukianguka tunaanguka wote."

"Na yeye?"

"Yeye yuko hospitali. Watasema alipaswa kugonga kabla ya kupanda. Ana chama chake, kitamsemea. Wewe una nani?"

Alikuwa amesema kweli. Sikuwa na mtu. Mahindi shambani kwetu yalikuwa yameanza kukauka majani.

Nilienda hospitali kabla ya kuandika. Fundi mzee alikuwa amelazwa miguu imening'inizwa kwa vyuma, mke wake ameketi kando akimenya chungwa. Mke aliponiona akatoka nje bila kunisalimu.

"Ulichimba?" fundi akaniuliza.

"Sikuchimba."

"Kwa nini?"

"Miwa. Mashina matatu."

Alifumba macho. Yeye pia alizaliwa kwenye miwa.

"Mashina matatu," akasema. Akaendelea, bado amefumba macho. "Wameshakuja kuniuliza kwa nini nilipanda bila kugonga."

"Ulipanda kwa sababu ya alama yangu."

"Basi andika hivyo."

Niliokota ganda la chungwa sakafuni. Nafikiri alisikia nisichokisema, kwa sababu aliuliza, "Una watoto wangapi pale nyumbani?"

"Wanne."

"Mimi nina watano," akasema, akageuza uso ukutani.

Niliandika kwa mkono wangu, ukurasa mmoja. Kwamba nilisikia kuhusu moto. Kwamba nilijua sheria ya kuchimba na sikuchimba. Kwamba aliyepanda aliiamini alama yangu, kama tulivyofundishwa. Sikumtaja msimamizi. Nilisoma mara moja, nikaweka sahihi, nikaipeleka mwenyewe.

Niliingia ofisini kwa wale watatu peke yangu, kama fundi alivyokuwa ameniambia mwanzoni. Hata nje ya mlango hakuwapo mtu. Hawakunifukuza. Mmoja wao alisema mtu anayeandika hivi atachimba siku zake zote, mwingine akasema mtu anayeandika hivi ameshamvunja mwenzake. Waliyachanganya hayo mawili wakanipa hukumu: miezi sita mingine ya majaribio kuanzia siku ile, na nisipande mpaka nifundishwe upya. Msimamizi alihamishwa kituo. Fundi mzee hakuwekewa lawama.

Miezi sita. Mahindi yalihitaji wiki tatu tu.

Tuliyavuna sisi wenyewe, watano. Jumamosi iliyofuata ukoo ulifika. Baba mdogo aliketi, akanywa maji, akauliza kama barua iko. Nilisema haiko. Angeweza kunisema mbele ya watu, maana habari ya Matungu ilikuwa imeshamfikia. Hakunisema. Alisema tu, "Basi, mama, tulikubaliana."

Wavulana walibeba magodoro yao wenyewe. Dada yangu alikataa kwenda kwa mjomba, akashika mwimo wa mlango, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wakamwacha abaki. Kitindamimba hakuelewa mpaka senje alipomfunga mgongoni. Alidhani wanaenda na kurudi. Aliniita mara moja, kwa kawaida, kama mtu anayekumbusha kitu kilichosahaulika mezani. Halafu akaanza kupiga kelele, nami nikasimama uwanjani nikamsikiliza mpaka njiani kukawa kimya, kwa sababu niliona hilo ndilo lililonistahili.

Barua ilitoka baada ya miezi sita na wiki moja. Ina muhuri. Siku hiyohiyo nilijaza kadi ya chama. Fundi mzee ndiye aliyeniletea, akitembea kwa magongo. Hawezi kupanda tena. Wamemweka stoo, yeye ndiye anayegawa vifaa asubuhi. Kadi ile ina nafasi ya watoto, hata wasio na kitambulisho, na mlezi unayemchagua, mambo yakiharibika. Niliandika majina manne, na dada yangu, aliyekuwa amepata kitambulisho mwezi huo, nikamweka mlezi. Fundi alisoma jina kwa jina, akagonga muhuri. Hatujawahi kuzungumza juu ya mashina matatu tena. Lakini kila asubuhi nikifika dirishani pake, kabla sijaomba chochote, ananitolea mtaimbo kwanza.

Wavulana walirudi jioni ileile niliyomwonyesha baba mdogo barua. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma yote, akasema nimefanya vizuri. Navakholo nilienda Jumapili. Kitindamimba alikuwa amerefuka. Alikuwa anamwita senje mama, na senje alinitazama kwa aibu kila neno hilo liliposemwa, kama aliyeniibia, wakati ndiye aliyemlisha.

Tulifika nyumbani wenzake wakiwa wameshaketi kuzunguka ugali. Walimwita kwa furaha. Yeye alisimama mlangoni na mfuko wake, miguu imebanana, akingoja.

"Ingia ukae," nikamwambia.

Akazungusha macho chumba kizima, kwa adabu, kama mgeni.

"Nikae wapi?" akauliza.